Uchambuzi wa kisa: mzigo uliovurugika, na jibu la "ipo" lililomletea mtu barua ya onyo

Nimekaa na hiki kisa muda mrefu nikisita kukiandika kwa sababu kuna mtu aliumia ndani yake, na aliumia kwa sababu ya kodi, yaani programu ya kompyuta, niliyoiandika mimi. Ameniruhusu niandike. Majina, eneo na vitu vya kumtambulisha mtu nimevitoa, namba nyingine nimezisogeza kidogo ila hesabu zinakaa vilevile, kwa hiyo ukitaka kuzirudia kwenye laptopu yako utapata kitu kilekile.

Usuli

Ni kiwanda kimoja cha maji ya chupa hapa Dar. Mkanda mmoja, zamu mbili za masaa kumi na mawili, kila zamu inatoa katoni kama 5,000 za chupa 24 za nusu lita. Mwisho wa mkanda kuna mzani unaopima kila katoni na kuandika herufi moja kwenye faili, S ikiwa uzito uko sawa, P ikiwa pungufu. Mkono wa kusukuma pembeni zile pungufu ulikuwa umekufa na spea inasubiriwa, kwa hiyo mzani ulikuwa unaandika tu halafu katoni inaendelea na safari yake mpaka stoo kama zenzake. Ukichukua mwezi mmoja wa kazi, siku 26, unapata mstari mmoja mrefu wa herufi kama 260,000 hivi, SSSSPSSSSSSPPSSS mpaka macho yanachoka.

Sasa malalamiko yalikuwa yanakuja hivi: msambazaji wa upande wa Mbagala au Tegeta anapiga simu, "mzigo wangu wa juzi katoni 300, nimekuta 21 hazijatimia, nirudishieni hela". Yeye anajua idadi tu, mpangilio haujui, maana katoni zimepakiwa kwenye kenta na vijana wanne wanarushiana, zimeshushwa, zimepangwa upya dukani, ile ya kwanza kutoka mkandani sa hizi iko chini kabisa au imeshauzwa. Kiwanda kwa upande wake kina mpangilio wote lakini hakijui ni kipande gani cha mstari kilikwenda kwa nani, kwa sababu kwenye karatasi ya geti walikuwa wanaandika idadi na namba ya gari basi.

Meneja aliniita akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo naliona ni swali zuri sana: "Kaka, kwenye mkanda wetu kuna sehemu yoyote ambayo katoni 300 mfululizo zilikuwa na pungufu 21?"

Swali lenyewe lina jina

Nilipokuwa nalitafuna hilo swali nikakumbuka kuwa watu wa mifuatano ya herufi wanalijua siku nyingi. Kutafuta ruwaza ya kawaida ni kutafuta neno kama lilivyo. Kutafuta ruwaza iliyovurugwa ni kutafuta kipande chochote chenye herufi zilezile kwa idadi ileile, mpangilio haujalishi. Ukitafuta KALI kwa namna hiyo, utaokota KILA, utaokota LAKI, na ndani ya AKILI herufi nne za mwanzo zinatosha kabisa kuwa jibu. Unachobaki nacho ni hesabu tu ya kila herufi, na hiyo orodha ya hesabu inaitwa vekta ya Parikh, kutoka kwa Rohit Parikh aliyeitumia kwenye makala yake ya 1966 kuhusu lugha zisizotegemea muktadha, aina ya lugha za kanuni kwenye nadharia ya kompyuta.

Nje ya viwanda vya maji hili jambo lina kazi nyingi tu. Kwenye baiolojia kuna vipimo vinavyokata vipande vya DNA na kukupa uzito wake, na uzito unakwambia kipande kina A ngapi na G ngapi bila kukwambia zimepangwaje. Ni msambazaji wetu wa Mbagala yuleyule, anajua idadi, hajui mfuatano.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza niliandika njia ya kawaida, dirisha linaloteleza. Unachukua katoni 300 za mwanzo unahesabu P, halafu unasogea katoni moja, inayotoka nyuma unaitoa kwenye hesabu, inayoingia mbele unaiongeza, unaangalia kama imefika 21, unasogea tena. Hatua 260,000 kwa mwezi mzima, laptopu yangu ya kawaida inamaliza kabla hujanyanyua kikombe. Ningeishia hapa kisa hiki kisingekuwepo.

Ila nilikuwa nimeshasoma kuhusu indeksi, yaani jedwali unaloliandaa mapema ili swali likija ujibu bila kupita mstari upya, na nikaipenda, na naomba nieleze kwa nini niliipenda maana uzuri wake ni wa kweli. Herufi zikiwa mbili tu, S na P, dirisha likisogea katoni moja idadi ya P inaweza kupanda kwa moja, kushuka kwa moja au kubaki palepale. Haiwezi kuruka. Ni kama mtu anayepanda ngazi hatua moja moja, akiwa alishawahi kuwa ngazi ya 2 na alishawahi kuwa ngazi ya 13, basi ya 3, ya 4, mpaka ya 12 zote alizikanyaga, hakuna ujanja. Kwa hiyo kwa kila urefu wa dirisha huhitaji kukumbuka kitu kingine zaidi ya namba mbili, P chache kuliko zote na P nyingi kuliko zote. Chukua mstari mfupi SSPSPPS. Madirisha ya herufi nne ni SSPS yenye P moja, SPSP yenye mbili, PSPP yenye tatu, SPPS yenye mbili. Chini 1, juu 3. Mtu akikuuliza kuna kipande cha herufi nne chenye P mbili, unajibu kipo bila kurudi kuangalia mstari, na mstari ungekuwa na herufi milioni jibu lingekuja kwa kasi ileile.

Ferdinando Cicalese, Gabriele Fici na Zsuzsanna Lipták waliiandika hii mwaka 2009, na kilichofuata kilikuwa mbio za kuijenga hiyo jedwali haraka zaidi, kwa sababu kuijenga kwa njia ya moja kwa moja ni hatua kama n mara n, n ikiwa ni urefu wa mstari. Wengine wakazigawanya hizo hatua kwa logi ya n, Moosa na Rahman wakafika kugawanya kwa logi ya n mara logi ya n, halafu mwaka 2015 Timothy Chan na Moshe Lewenstein wakashusha mpaka n kwa kipeo cha 1.859, na 2022 kundi la Chi, Duan, Xie na Zhang likaleta mbinu inayofikisha karibu na kipeo cha 1.5. Mi nilisoma haya yote usiku usiku kama mtu anayefuatilia ligi.

Nikajaribu kuijenga kwa mwezi mzima kwa njia ya n mara n. Nusu ya 260,000 mara 260,000 ni kama bilioni 34 za kulinganisha, laptopu ilikaa zaidi ya masaa matatu feni inapiga kelele haijamaliza, umeme ukakatika, betri ikaisha. Kilichonitoa hapo kilikuwa kijana wa stoo, wala sikukitoa kwenye makala, alinikuta nimeshika kichwa akaniuliza, "we unahesabu mzigo mkubwa kiasi gani? Fuso letu kubwa halibebi katoni hata elfu". Kweli kabisa. Hakuna mzigo wa katoni 80,000, kwa hiyo hakuna haja ya madirisha ya urefu wa 80,000. Nikaweka kikomo urefu 1,000, hesabu ikashuka mpaka kama milioni 260, ikaisha kwa dakika moja na nusu hivi. Indeksi nzima ikawa namba 2,000, nikaimwaga kwenye eksel meneja akawa nayo kwenye simu.

Ile simu ya 300 na 21 tukaijibu siku hiyohiyo. Kwa urefu wa 300, juu kabisa kwa mwezi ule ilikuwa 13. Haipo. Hakuna sehemu yoyote ya mkanda ambayo katoni 300 mfululizo zilitoa pungufu 21. Meneja hakumwambia msambazaji kwamba anadanganya, na nilimheshimu kwa hilo, alimwambia tu "mzee wangu, kwetu hazikutoka hivyo, tuangalie wote njiani". Wakaangalia, wakakuta katoni zenye gundi mpya chini, zilifunguliwa mahali fulani kati ya geti letu na duka lake. Zile zilizobaki zinalingana na mkanda.

Baada ya hapo kila mtu kiwandani akawa anaiamini hiyo eksel. Mimi wa kwanza.

Herufi ya tatu

Mwezi wa tatu wakafunga kamera ya vifuniko. Sasa mstari ukawa na herufi tatu, S sawa, P pungufu, V kifuniko legevu. Meneja akaniomba niongeze V kwenye indeksi, na pia nitenganishe indeksi kwa zamu ili ajue mzigo wenye kasoro umetoka zamu gani. Nilifanya kwa nusu siku. Nilichofanya ni hiki: kwa kila urefu nikaweka chini na juu ya S, chini na juu ya P, chini na juu ya V. Mtu akiuliza, naangalia kila herufi kama iko ndani ya mipaka yake, zote tatu zikikubali najibu "ipo". Nilijaribu kwa mifano kadhaa niliyookota kwenye faili lenyewe, yote ikatoka ipo, na kweli ilikuwepo, maana nilikuwa nimeiokota humohumo.

Wiki mbili baadaye likaja lalamiko la katoni 240, ndani yake pungufu 8 na vifuniko legevu 6, sawa 226. Eksel ikasema zamu ya mchana haipo, kwa sababu V za mchana juu kabisa kwa urefu huo zilikuwa 2. Zamu ya usiku ipo: P kati ya 0 na 15, V kati ya 0 na 9, S kati ya 225 na 240. Namba zote tatu zinaingia.

Kiwanda kina utaratibu wake. Kasoro ya aina moja ikionekana, supavaiza anaita fundi huku mkanda unaendelea. Kasoro za aina mbili zikitokea kwa wakati mmoja anatakiwa asimamishe mkanda palepale. Katoni 240 ni kama nusu saa ya mkanda, sasa ukiwa na P 8 na V 6 ndani ya nusu saa na mkanda haukusimama, basi supavaiza kavunja utaratibu. Supavaiza wa usiku ni mtu mzima, kazini hapo ana miaka mingi kuliko mashine yenyewe, wote tunamwita Mzee. Akapewa barua ya onyo, na kwenye barua kuna sentensi inayosema kwa mujibu wa mfumo.

Alikuja kunitafuta mwenyewe asubuhi akitoka zamu, macho mekundu. Nilimwamkia akaitikia, akakaa, akafungua daftari lake. Akasema, "Mwanangu, mi sibishani na kompyuta. Ila nieleze. Pungufu zilitokea saa mbili usiku mpaka saa nne, nikaita fundi wa kujaza, nimeandika hapa. Saa tano umeme ukaenda. Tukarudi, mkanda ukaenda vizuri kabisa. Vifuniko vimeanza kulegea saa nane, nikaita fundi wa vifuniko, nimeandika hapa. Hivi vitu viwili vilikutana wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua faili la zamu yake nikarudisha ile kodi ya wiki ya kwanza, dirisha linaloteleza, nikaliongezea herufi ya tatu. Likapita katoni zote za usiku ule. Halikupata hata moja. Madirisha yenye P 8 yalikuwa na V sifuri. Madirisha yenye V 6 yalikuwa na P sifuri. Kati ya pungufu ya mwisho na kifuniko cha kwanza kulikuwa na zaidi ya katoni elfu moja zilizo sawa. Mzee alikuwa anasema kweli tupu na daftari lake lilikuwa sahihi kuliko indeksi yangu.

Tulivyoamua na kwa nini

Jambo la kwanza nilimpigia meneja kabla hata sijajua kosa liko wapi. Nilimwambia barua ile imesimama juu ya jibu langu na jibu langu si sahihi. Nilikuwa na hamu ya kukaa kwanza nielewe halafu niende na maelezo yaliyokamilika, lakini mtu alikuwa anaenda kulala na barua mfukoni, na kila siku inayopita ile barua inazidi kuwa kitu cha kweli kwenye faili lake.

Halafu ndo nikakaa. Kosa lenyewe linaonekana kwenye herufi tano, PPSVV. Uliza kipande cha herufi mbili chenye P moja na V moja. P kwa urefu wa mbili zinaenda kutoka 0 mpaka 2, V vilevile 0 mpaka 2, S kutoka 0 mpaka 1, kwa hiyo kila herufi inakubali. Sasa angalia vipande vyenyewe: PP, PS, SV, VV. PV haipo, VP haipo. Kila herufi imepanda ngazi yake bila kuruka, ila hazikuwahi kuwa kwenye hizo ngazi kwa wakati mmoja. Ile hoja ya ngazi inashika kwa herufi mbili kwa sababu ukijua P umeshajua S, ni namba moja inayotembea kwenye mstari mmoja. Herufi zikiwa tatu unatembea kwenye uwanja, na mtu anaweza kutoka kona moja mpaka nyingine kwa kuzunguka pembeni bila kukanyaga katikati. Zamu ya Mzee ilikuwa PPSVV iliyovutwa mpaka katoni elfu tano.

Tulikuwa na njia tatu mezani. Moja, kutafuta indeksi ya kweli ya herufi tatu. Zipo, Kociumaka, Radoszewski na Rytter waliandika moja mwaka 2013 kwa alfabeti ndogo, na Chan na Lewenstein nao wanazigusa, lakini mwaka 2014 Amir pamoja na hao Chan na Lewenstein, na Lewenstein mwingine, Noa, walionyesha kwamba kuanzia herufi tatu kuna ukuta, wakaifunga na tatizo la kutafuta namba tatu zinazojumlishwa kuwa sifuri ambalo watu wanaamini halina njia ya mkato kubwa. Ya pili, kuhifadhi kila vekta iliyowahi kutokea kwa kila urefu kwenye jedwali kubwa la heshi, lile la kukuonyesha mara moja kama kitu kimo au hakimo. Inafanya kazi, ila kwa urefu elfu moja na mwezi mzima jedwali linavimba, na kila zamu mpya inabidi liongezwe. Ya tatu, kuachana na indeksi na kuteleza kila swali likija.

Nikahesabu maswali. Kwa wiki yalikuwa manne, wiki mbaya matano. Kuteleza kwa mwezi mzima ni sehemu ya sekunde. Nilikuwa nimejenga jibu la haraka kwa watu ambao hawakuwa na haraka hiyo, wanampigia msambazaji simu kesho yake! Tukachagua ya tatu. Namna ya kuteleza kwa herufi nyingi bila kulinganisha kila herufi kila hatua ni rahisi, unaweka kwa kila herufi tofauti kati ya dirisha na kinachotafutwa, halafu namba moja pembeni inayosema ni herufi ngapi bado zina tofauti. Katoni ikitoka na nyingine ikiingia unagusa herufi mbili tu, ile namba ya pembeni ikifika sifuri umepata. Ukiwa na herufi tatu au thelathini hatua ni ileile.

Ila indeksi hatukuitupa, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Ile mipaka ya kila herufi ikisema "haipo", ni kweli haipo, kwa herufi tatu au kumi. Kama V juu kabisa ni 2 na mzigo una V 6, hakuna dirisha litakalokuokoa. Kinachoharibika ni "ipo" peke yake. Kwa hiyo sasa eksel inajibu maneno mawili, "haipo" na "iteleze".

Matokeo

Barua iliondolewa. Meneja alimwita Mzee ofisini, mimi nikiwepo, akaichana ile nakala ya kwenye faili mbele yake na akaandika nyingine fupi inayosema ile ya kwanza ilitolewa kimakosa na kosa lilikuwa la mfumo. Nilimwomba Mzee radhi. Akasema yameisha, halafu akauliza kama naweza kumchapishia ule mstari wa herufi wa zamu yake aone. Nikamchapishia. Aliweka kidole kwenye zile P akashuka nacho taratibu mpaka zilipoanza V, kurasa kadhaa, hakusema kitu.

Mzigo wenyewe ulitoka wapi? Foklifti. Ilichukua paleti za mwanzo wa usiku zilizobaki pembeni ikajazia na za alfajiri, kenta ikaondoka na vipande viwili vya zamu moja. Kwa hiyo zamu ilikuwa ile kweli, msambazaji alikuwa mkweli, Mzee alikuwa mkweli, na aliyekuwa anasema kitu ambacho hakikutokea ni mfumo peke yake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Swali la meneja lilifanya kazi. Kuligeuza lalamiko kuwa "kuna katoni kadhaa mfululizo zenye P idadi hii" kulimaliza ugomvi uliokuwa unaisha kwa nani ana sauti kubwa. Kikomo cha urefu kilichotoka kwa kijana wa stoo kiliokoa mashine kuliko makala zote nilizosoma, na sasa kabla ya kuandika kitu huwa naenda kukaa kwenye sehemu ya kupakia nusu siku.

Kilichoshindwa cha kwanza ni majaribio yangu. Nilichukua vipande kutoka ndani ya mstari nikauliza kama vipo. Jaribio la namna hiyo haliwezi kukamata "ipo" ya uongo hata ulifanye mara milioni, kwa sababu kila unachouliza kipo tayari. Nilitakiwa nitengeneze vekta za kubahatisha, nipitishe kwenye indeksi na kwenye dirisha linaloteleza, nione zinapotofautiana. Nilipofanya hivyo baadaye kwa faili la usiku ule zilitofautiana ndani ya majaribio machache sana.

Cha pili kinaniuma zaidi. Hata kwa herufi mbili ambako indeksi ni sahihi kabisa, "haipo" na "ipo" hazina uzito mmoja. "Haipo" inafunga mlango. "Ipo" inasema kuna mahali ingeweza kutoka, na kwa namba za kawaida kama katoni 180 zenye pungufu 4 karibu kila zamu ina mahali hapo. Mimi nilijua hili. Lakini nilimpa meneja neno moja kwenye seli moja, na neno "ipo" likisomwa na mtu wa utumishi linakuwa "imethibitika". Sasa dirisha likipata, tunaandika ni mara ngapi limepata na kwa saa ngapi, ili anayesoma aone kama ni sehemu moja au sehemu mia tatu.

Cha tatu ni ile imani kwamba mzigo ni kipande kimoja kisichokatika. Tuliijaribu njia ya kuruhusu vipande viwili, kwamba dirisha la urefu a na lingine la urefu b vijumlishwe. Kompyuta inaweza, ila jibu linakosa maana, mipaka inatanuka mpaka karibu kila kitu kinawezekana na "haipo" haitokei tena. Hapo tatizo limeshatoka kwenye algorithimu limehamia getini. Tukaomba namba ya kila paleti iandikwe kwenye karatasi ya gari, kalamu na mtu mmoja, na walau kwa mizigo mipya tunaanza tukijua kipande kilianzia wapi na kiliishia wapi.

Kidogo pia kuhusu kugawa kwa zamu. Mzigo uliopakiwa ukivuka saa kumi na mbili jioni una katoni za mchana na za usiku, na tulipokata mstari kwenye zamu tulikuwa tunaupoteza kabisa. Tumeongeza katoni 1,000 za zamu inayofuata mwishoni mwa kila zamu, imetosha.

Faili letu la majaribio sasa linaanza na herufi tano, PPSVV, swali ni P moja na V moja, jibu linalotakiwa ni "haipo". Kodi isiyopita hapo haipelekwi kiwandani. Mzee alipita siku moja akaona zile herufi kwenye skrini akauliza ni zamu ya nani, nikamwambia ni yako, ile ya barua, tumeifupisha.